Muyaka bin Haji: Malenga wa Mitaa ya Mombasa

Mgeni anayezuru Ngome ya Yesu mjini Mombasa huonyeshwa michoro iliyofanywa ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Wachoraji wake walikuwa Wareno waliokaa ngomeni humo katika karne ya 17. Wamechora merikebu, watu na mengineyo waliyoyaona au kuyakumbuka. Hakuna aliyewaagiza, walichukua kilichokuwa karibu, wakaugeuza ukuta kuwa turubai. Michoro imebaki, lakini majina ya waliochora hayajulikani. Aghalabu hiyo ndiyo ajali ya sanaa ya mitaani: kazi hudumu, mwenye kazi husahauliwa.

Mji huohuo ulikuwa na sanaa nyingine ya mitaani, ambayo haikuhitaji ukuta wala rangi. Ilikuwa sanaa ya maneno, na bingwa wake alikuwa Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Yeye naye alikaribia kusahauliwa. Makala haya yanaeleza maisha yake kwa muhtasari, na namna jina lake lilivyookolewa.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776. Wakati huo ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui. Maliwali wa ukoo huo waliletwa kutawala kwa niaba ya Omani, lakini baadaye walijitawala wenyewe wakishirikiana na wenyeji wa miji kumi na miwili ya Mombasa. Muyaka alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara wa pwani enzi hizo hakuweza kuikwepa bahari. Ndiyo maana vyombo, pepo na mawimbi vimejaa katika tungo zake, mara kwa maana ya wazi, mara kama fumbo la siasa au la mapenzi.

Kabla yake na katika ujana wake, tungo zilizoheshimiwa zaidi katika maandishi ya Kiswahili zilikuwa tenzi na kasida zenye maudhui ya dini, kama vile Hamziya, Utendi wa Tambuka na Al-Inkishafi. Haina maana kwamba hapakuwa na ushairi wa dunia; tungo zinazohusishwa na Fumo Liyongo ni ushahidi wa kutosha. Hata hivyo, Muyaka ndiye anayesifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni. Alitunga kuhusu ndoa na wivu, ukata na utajiri, urafiki na usaliti, fitina za wakubwa na minong'ono ya wadogo. Chombo chake kikuu kilikuwa shairi la tarbia, lenye mishororo minne kwa ubeti na mizani kumi na sita kwa kila mshororo, nayo lugha yake ilikuwa Kimvita kilichosemwa na watu wa mji. Ubeti mmoja au miwili ilimtosha. Ufupi huo ulikuwa nguvu yake, kwani utungo mfupi hushikika kwa kichwa, na unaoshikika kwa kichwa huzagaa mitaani bila kungoja karatasi.

Siasa ndizo zilizoupa ushairi huo makali. Yapata mwaka 1812 Mombasa, ikishirikiana na upande mmoja wa Pate, ilishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Baada ya ushindi huo Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said bin Sultan wa Omani, na uadui kati ya Mombasa na Omani ukazidi. Muyaka alikuwa upande wa Mazrui bila kificho. Aliwasifu maliwali, aliwahimiza wapiganaji, na alijibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu, miongoni mwao Bwana Zahidi Mngumi. Majibizano hayo yalikuwa vita kamili. Fumbo lililotumwa na adui halikuweza kuachwa bila jibu, kwa sababu kunyamaza kungehesabiwa kushindwa.

Muyaka aliishi kuiona ngome ikibadilisha bendera. Mwaka 1824 nahodha Mwingereza, William Owen, aliipandisha bendera ya nchi yake kwa ombi la Mazrui waliotafuta kinga. Mwaka 1826 ulinzi huo ukakoma. Kuanzia 1828 Seyyid Said aliishambulia Mombasa mara kadhaa, na hatimaye mwaka 1837 akafaulu. Viongozi wa Mazrui walikamatwa, wakahamishwa hadi Bandar Abbas. Muyaka alifariki mwaka 1840, miaka mitatu tu baada ya utawala alioutetea kuanguka.

Hapo ndipo ilipo hatari. Mshairi aliyekuwa upande wa walioshindwa hana mfalme wa kumhifadhia kazi. Tungo za Muyaka zilibaki vinywani mwa watu, na utungo uliopita vinywa vingi huweza kupoteza neno, kupoteza tukio lililouzaa, na mwishowe kumpoteza hata mtunzi. Aliyeziba pengo hilo ni mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Alizikusanya tungo hizo kutoka kwa wazee, akaziandika kwa hati za Kiarabu, na akaeleza maana ya maneno na mazingira ya utunzi. Alishirikiana na mmisionari Mwingereza, William Taylor, ambaye karatasi zake zilihifadhiwa London. Kutokana na hazina hiyo William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mpana jijini Nairobi.

Katika orodha hiyo, wanaotajwa sana madarasani ni wale waliochapisha. Kwa maoni yetu, anayestahili kutajwa kwanza ni Sikujua, kwani bila masikio yake wahariri hao wasingekuwa na cha kuhariri. Yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewauliza Wareno wa ukutani: hii ni kazi ya nani, na aliifanya kwa nini?

Swali hilo linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Mombasa ya leo haijakauka sanaa. Matatu zina maandishi na picha, kanga zina majina yenye mafumbo mazito, na kuta za mitaa huchorwa na vijana wenye vipaji. Tunazisoma kazi hizo kila siku, tunazicheka, tunazinukuu, bali ni nadra kumtafuta aliyezibuni. Mtafiti anayekwenda Mji wa Kale na daftari lake asiridhike kunakili maneno. Amtafute mwenyewe angali hai, aandike jina lake na kisa cha kazi yake. Muyaka alibahatika kumpata Sikujua. Walioko mitaani leo wanatungoja sisi.