Bartolomé de las Casas, Padre Aliyetubu Mara Mbili

Zitajwapo habari za Wazungu waliovuka bahari kutafuta dhahabu na biashara, majina ya manahodha na majemadari huja upesi kinywani. Leo twapenda kumkumbuka mtu wa namna nyingine, aliyekwenda kule kama wao, akanufaika kama wao, kisha akasimama kuwapinga.

Bartolomé de las Casas alizaliwa Sevilla, nchini Hispania, mwaka 1484. Baba yake alifuatana na Christopher Columbus katika safari ya pili, mwaka 1493. Mwana naye alivuka bahari mwaka 1502, akafika kisiwa cha Hispaniola. Huko walowezi waligawiwa wenyeji wa kuwalimia mashamba na kuwachimbia dhahabu, nao kwa upande wao walipaswa kuwafundisha dini. Kazi ilidaiwa kila siku, mafundisho yalisahauliwa. Bartolomé alipewa fungu lake, na hata alipopata upadre hakuliacha.

Katika Majilio ya mwaka 1511, Mdominikani Antonio de Montesinos aliwaambia walowezi wa Santo Domingo kuwa wamo katika dhambi ya mauti kwa ukatili wao. Mdominikani mwingine alikataa kumwondolea Bartolomé dhambi kwa kuwa alishika wenyeji. Hata hivyo hakugeuka. Alifuatana na askari hadi Cuba, akaona kwa macho yake wenyeji wakichinjwa bila kosa, akapokea fungu jingine.

Mwaka 1514, akitayarisha hotuba ya Pentekoste, alisoma katika kitabu cha Yoshua bin Sira kwamba sadaka itokayo katika dhuluma haimpendezi Mungu. Neno hilo lilimchoma moyo. Aliwaacha wenyeji wake wote, na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, akawahubiria walowezi hadharani wafanye vivyo hivyo. Walishangaa, wala hawakumfuata.

Tangu hapo hakunyamaza hadi kufa. Alikwenda Hispania mara kwa mara kuwasihi wafalme, akajiunga na Shirika la Wadominikani, na juhudi zake zilisaidia kuleta Sheria Mpya za mwaka 1542, zilizokataza kuwafanya wenyeji watumwa. Akiwa Askofu wa Chiapas, aliagiza kwamba asiyewaacha huru watumwa wake asipewe ondoleo la dhambi. Walowezi walimtisha, naye mwaka 1547 akarudi Hispania asiione tena Amerika. Mwaka 1550 na 1551, huko Valladolid, alishindana kwa hoja na mwanachuoni Juan Ginés de Sepúlveda, aliyedai kuwa wenyeji wale wameumbwa kutawaliwa.

Lakini haifai kumsifu kwa kuficha kosa lake. Mwaka 1516, kwa kuwahurumia wenyeji, alishauri waletwe watumwa badala yao, wakiwamo Waafrika. Biashara hiyo ilikuwa imekwisha kuanza kabla yake, lakini neno lake liliipa nguvu. Alimwondolea mmoja mzigo akamtwika mwingine. Miaka mingi baadaye alijifunza jinsi Wareno walivyowateka watu katika pwani za Afrika, akatambua kuwa utumwa wao ni dhuluma ile ile. Aliungama kosa hilo katika kitabu chake cha historia, wala hakuwa na hakika kwamba kutojua kwake kungekuwa udhuru mbele ya hukumu ya Mungu. Kitabu hicho kilipigwa chapa mwaka 1875 tu. Yeye alifariki Madrid mwaka 1566.

Sisi wana wa Afrika tuna haki ya kuhuzunika kwa shauri lile. Lakini tuna la kujifunza pia. Toba ya kwanza ilimgharimu mali. Ya pili ilimgharimu sifa ya kuwa mtetezi asiye na doa, nayo pengine ni ngumu zaidi. Baba mwenye nyumba, mwajiri, hata padre, akijiona anatenda mema, na aulize: mzigo niliomtua huyu, nimemtwika nani?