Maisha ya Daktari Archibald McIndoe

Mwaka huu nimechagua kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakuzaliwa Afrika, lakini kazi yake inatuhusu sana sisi wa Busia na Malaba, ambako malori ya matangi ya mafuta hupanga foleni usiku na mchana. Huyo si mwingine bali Daktari Archibald McIndoe, aliyewatibu watu walioungua.

McIndoe alizaliwa tarehe 4 Mei 1900 katika mji wa Dunedin, Nyuzilandi. Babake alikuwa mpiga chapa na mamake mchoraji. Alisomea udaktari huko kwao, akaenda Marekani kuongeza ujuzi wa upasuaji, na mwaka wa 1930 akahamia London. Alifika bila kazi. Bahati nzuri jamaa yake, Harold Gillies, alikuwa bingwa wa kurekebisha nyuso zilizoharibiwa vitani, naye akamshika mkono.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka wa 1939, McIndoe alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya mji mdogo wa East Grinstead, Uingereza. Punde si punde wakaanza kuletwa marubani vijana, nyuso na mikono imeungua kwa petroli ya ndege. Siku hizo kidonda cha moto kilipakwa asidi ya tanini, kikakauka kikawa kigumu kama gamba. McIndoe akagundua kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Kumbe maji ya chumvi yalikiacha kidonda kisafi na laini! Akaachana na ile asidi, akawa anawaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi yenye joto. Shashi nayo ilipakwa mafuta ili isigandamane na kidonda na kung'oa ngozi changa.

Baada ya hapo alipandikiza ngozi. Hebu tuone inavyoshika. Daktari hukata utando wa ngozi ya mgonjwa mwenyewe, tuseme kutoka pajani, usiofika hata nusu milimita, akautandaza juu ya kidonda. Mwanzoni hushikwa na fibrini, ile protini inayogandisha damu, kama gundi. Utando hufyonza majimaji yaliyo chini yake, na baada ya siku chache mishipa midogo ya damu huingia ndani yake. Ukiwa mnene mno, chakula hakiufikii upesi. Usaha ukijaa chini yake, au ukisogezwasogezwa, hubanduka ukafa. Ni kama kila seli ina vidole vyake vya protini. Isipopata pa kushika, haikai. Hadi leo wanasayansi hutengeneza tando nyembamba kuliko unywele, nyingine za kolajeni, wakitafuta uso ambao seli zitaukubali.

Lakini McIndoe aliona kwamba ngozi kushika haitoshi. Mtu mwenyewe lazima arudi kwa watu. Aliwaomba wenyeji wa mji wawaalike wagonjwa majumbani, wala wasiwakodolee macho. Mwaka wa 1941 wagonjwa hao wakaunda chama, wakakiita Guinea Pig Club, jina la wale wanyama wadogo wa majaribio ya maabara, kwa sababu matibabu mapya yalijaribiwa kwao. Mwishowe wanachama walikuwa 649.

Mwaka wa 1957 McIndoe na wapasuaji wenzake wawili, Michael Wood na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki, wazo lililozaliwa chini ya Mlima Kilimanjaro. Ndiyo AMREF tunayoijua. Mgeni njoo, mwenyeji apone! McIndoe alifariki London tarehe 11 Aprili 1960.

Jameni, haya si mambo ya mbali. Julai 2021 lori la mafuta lilianguka Malanga, Siaya, kwenye barabara hii hii ya Kisumu kuja Busia. Watu walikimbilia na mitungi kuchota petroli, moto ukalipuka, zaidi ya kumi wakafa. Mafuta yakimwagika, sisi tukimbie kinyume. Mtu akiungua, tusimpake dawa ya meno wala unga. Tummiminie maji safi ya baridi, kisha tumpeleke hospitali, iwe ya Kocholia au ya Busia. Na akirudi shuleni na makovu yake, tusogee kwenye dawati, tumpe nafasi akae.