Gladwyn Kingsley Noble na Chura Azaaye wa Mlima Rungwe

Mito ya Mbaka, Kiwira na Lufilyo hushuka kutoka nyanda za juu na kuvuka mashamba ya mpunga ya Kyela kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Wakati wa masika vyura wa bondeni humo hulia usiku kucha. Majike hutaga majini, na viluwiluwi huogelea mpaka wapate miguu. Katika misitu ya Mlima Rungwe, juu ya bonde hilo hilo, yuko chura mdogo asiyeifuata desturi hiyo. Jike lake hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili. Gustav Tornier alimweleza huko Berlin mwaka 1905 kwa jina la Pseudophryne vivipara. Jenasi anayowekwa leo iliundwa mwaka 1926 na Mmarekani Gladwyn Kingsley Noble, ambaye maisha yake ndiyo mada ya makala haya.

Noble alizaliwa Yonkers, karibu na New York, tarehe 20 Septemba 1894. Alisoma Harvard, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1922, na maisha yake ya kazi yakawa katika Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Viumbe, New York. Mwaka 1924 alichapisha uchambuzi wa amfibia wa Kongo ya Wabelgiji waliokusanywa na Herbert Lang na James Chapin kati ya 1909 na 1915. Afrika aliyoichambua ilimfikia ndani ya chupa za spiriti.

Jina alilolitunga, Nectophrynoides, lina mizizi ya Kiyunani: nektos ni chenye kuogelea, phryne ni chura, na -oides ni mfano wa. Kwa hiyo chura ambaye watoto wake hawaogelei kamwe anaitwa mfano wa chura mwogeleaji, kwa kuwa alifananishwa na jenasi Nectophryne ya Afrika Magharibi. Wanaisimu watavutiwa pia na upatanisho: vivipara ya Tornier sasa huandikwa viviparus, maana jina jipya la jenasi limehesabiwa kuwa la jinsi ya kiume.

Mwaka huo huo wa 1926 Noble aliingia katika jambo zito zaidi. Paul Kammerer wa Vienna alidai kwamba vyura wa jenasi Alytes waliolazimishwa kuzaliana majini walipata sugu nyeusi mikononi, za kumshikia jike, na kwamba sifa hiyo ilirithiwa. Noble alisafiri hadi Vienna akamkagua chura wa mwisho aliyebaki. Hakuona vijimwiba vyovyote vya sugu. Weusi ulikuwa wino uliodungwa chini ya ngozi. Taarifa yake ilitoka katika jarida la Nature tarehe 7 Agosti. Tarehe 23 Septemba Kammerer alijiua. Ni nani aliyedunga wino ule, suala hilo halijaamuliwa hadi leo. Noble hakusema kuwa ni Kammerer. Alisema alichokiona, na hilo peke yake lilitosha kumwangusha mtu.

Kwa maoni yangu, tukio hili huangaza mwelekeo wa baadaye wa Noble, ingawa kitabu chake kikubwa cha 1931, kuhusu biolojia ya amfibia, bado kinategemea sana mizoga. Mwaka 1928 alianzisha katika makumbusho yale idara ya biolojia ya majaribio, mahali pa wanyama hai. Huko, pamoja na Lester Aronson, aliwachochea madume wa spishi Rana pipiens kwa tezi za pituitari, kisha wakakata sehemu mbalimbali za ubongo ili kubaini ni ipi inayotawala mlio, kumfuata jike na kumkumbatia.

Swali hilo linawahusu vyura wa Kyela pia. Seli za ubongo wa mbele, katika eneo la prioptiki, hutoa homoni inayoiamuru pituitari itoe gonadotropini. Hizi husafiri kwa damu hadi korodani. Korodani hutoa testosteroni, nayo hurudi ubongoni na kuziandaa seli za mlio. Vasotosini, inayotengenezwa pia katika eneo la prioptiki, huchochea mlio katika spishi nyingi zilizochunguzwa. Baadhi ya kemikali hizi zilitambuliwa baada ya Noble. Ramani ya viungo vya ubongo ndiyo aliyoianza yeye.

Alifariki tarehe 9 Desemba 1940 kwa maambukizi ya koo, akiwa na umri wa miaka 46. Aronson alichapisha matokeo yao mwaka 1942 na 1945, jina la marehemu likiwamo.

Mwaka 2000 vyura hai wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, makao yao yalipokuwa yakikauka baada ya maji ya mto kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wazao wa vyura waliofugwa Marekani walirudishwa kwenye maporomoko yao.