Poul la Cour: Mwalimu wa kijijini aliyegeuza upepo kuwa umeme

Mtu anayeishi Singida hahitaji kuelezwa upepo ni nini. Kiangazi kikishika kasi, upepo huvuma mchana na usiku, hutikisa mabati na kutujaza vumbi machoni. Wakulima wetu huutumia kupepeta mtama, na baadaye huulalamikia unapokausha shamba haraka. Tulipozungumzia umeme redioni, wengi wenu mliuliza jambo moja: upepo huu tunao tangu enzi za mababu, mbona hautuwashii taa?

Niliahidi kulijibu swali hilo kwa maandishi, ili mwenye simu asome kwa nafasi yake. Nitalijibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Anaitwa Poul la Cour. Alikuwa mwalimu kijijini huko Denmark, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya.

Udogo wake ukoje? Denmark, ukiiacha Greenland na visiwa vya Faroe, ina kilomita za mraba zipatazo 43,000. Mkoa wetu wa Singida una zaidi ya 49,000. Na enzi za la Cour, mwaka 1901, nchi hiyo ilikuwa na watu takriban milioni 2.4. Sisi wa Singida, kwa sensa ya mwaka 2022, tulifika milioni 2. Kwa hiyo tunazungumzia mahali palipokuwa na watu wanaokaribia idadi yetu ya leo, wengi wao wakulima na wafugaji.

Kijana wa shamba aliyefika mji mkuu

Poul la Cour alizaliwa Aprili 13, 1846, katika familia ya wakulima karibu na mji wa Ebeltoft, kwenye rasi ya Jutland. Alisoma fizikia na elimu ya hali ya hewa mjini Copenhagen, akahitimu mwaka 1869. Mwaka 1872 Denmark ilipoanzisha taasisi yake ya hali ya hewa, yeye akawa mmoja wa viongozi wake, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu.

Wakati huo telegrafu ndiyo iliyokuwa teknolojia kubwa duniani. Ujumbe ulisafiri kwenye waya kwa alama, na tatizo lilikuwa kwamba waya mmoja ulibeba ujumbe mmoja tu kwa wakati. La Cour alibuni njia ya kupitisha jumbe kadhaa kwenye waya huo huo. Alitumia vyuma vyenye umbo la uma, ambavyo kila kimoja kikigongwa hutoa sauti yake isiyobadilika. Kila ujumbe ulisafiri kwa sauti yake, na upande wa pili ukatenganishwa. Kutokana na kazi hiyo akabuni pia gurudumu linalozunguka kwa mwendo mmoja usioyumba, likiongozwa na mtetemo wa chuma cha aina hiyo.

Nchini Marekani, Elisha Gray na Alexander Graham Bell walikuwa wakihangaika na jambo hilo hilo. Bell ndiye baadaye aliyesifiwa kwa simu ya sauti. La Cour naye alikuwa na kila sababu ya kubaki mjini na kutafuta jina na fedha. Hakubaki.

Kurudi kijijini

Mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 32, la Cour alihamia kijiji cha Askov kufundisha hisabati na fizikia. Mimi nami niko kwenye miaka hiyo ya thelathini, na najua rika langu lingemwambia nini mtu anayeacha cheo mji mkuu ili akafundishe vijana wa wakulima. Ili kumwelewa inabidi tujue shule ile ilikuwa ya namna gani.

Mwaka 1864 Denmark ilishindwa vita na Prussia na Austria, ikapoteza karibu theluthi ya ardhi yake. Chuo cha wananchi kilichokuwa Rødding kikajikuta upande wa adui. Walimu wakavuka mpaka mpya na kuanza upya Askov, mwaka 1865.

Vyuo hivyo vilitokana na mawazo ya mchungaji na mshairi N.F.S. Grundtvig. Aliamini kwamba mtoto wa mkulima anastahili elimu ya kumfungua macho, hata kama hatapata cheti wala kazi ya ofisini. Vijana walikuja wakati kazi za shamba zimepungua, wakakaa bwenini pamoja na walimu wao, wakasoma historia, lugha na sayansi, kisha wakarudi nyumbani kulima.

La Cour alifundisha kwa namna yake. Hakuanza na kanuni ubaoni. Alianza na historia: nani alikuwa na shida gani, akajaribu nini, akakosea wapi, mpaka kanuni ikapatikana. Aliandika hata vitabu vya hisabati na fizikia kwa mtindo huo. Mwanafunzi aliyetoka kwake alijua kwamba sayansi imetengenezwa na watu kama yeye.

Upepo kwenye pipa

Kufikia miaka ya 1880 umeme ulikuwa umeanza kuwaka katika miji mikubwa ya Ulaya. La Cour akaona hatari. Miji ingepata mwanga na mashine, vijana wangeikimbilia, na vijiji vingebaki gizani bila watu. Denmark haikuwa na makaa ya mawe wala maporomoko makubwa ya maji. Ilichokuwa nacho ni upepo kutoka baharini.

Mwaka 1891, kwa msaada wa fedha za serikali, alijenga mtambo wa upepo wa majaribio pale pale shuleni. Alikuwa na matatizo mawili, na ndiyo hayo hayo yanayowasumbua wahandisi mpaka leo.

La kwanza, upepo hautulii. Dakika hii una nguvu, dakika ijayo umelegea, na jenereta inataka mwendo wa kudumu. Hapa la Cour alitumia akili ambayo fundi yeyote wa mashine ya kusaga ataielewa. Alipitisha mkanda kwenye puli zenye uzito wa kuning'inia, kwa namna ambayo upepo ukizidi kipimo, nguvu ya ziada haifiki kwenye jenereta. Upepo ulirukaruka, lakini jenereta ilikwenda karibu mwendo mmoja.

La pili, upepo hauji kwa ratiba. Taa zinahitajika usiku, na upepo huenda ulivuma mchana. Betri za wakati huo zilikuwa ghali. La Cour akaamua kutumia umeme kuyagawanya maji yawe gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, akazihifadhi kwenye matangi. Kuanzia mwaka 1895 hadi 1902, shule ya Askov ilipata mwanga kwa taa za haidrojeni iliyotokana na upepo.

Haikuwa kazi salama. Gesi hizo zikichanganyika kidogo tu hulipuka, na zaidi ya mara moja madirisha ya majengo ya shule yalipasuka ikabidi yawekwe mapya. Mwishowe aliiacha njia hiyo. Mwaka 1902 akajenga kituo cha umeme chenye betri, na nyumba za kijiji cha Askov zikapata umeme. Leo nchi tajiri zinatumia fedha nyingi kuzalisha haidrojeni kwa upepo na jua.

Katikati ya miaka hiyo alifanya pia majaribio ya mapanga yenyewe. Alitengeneza bomba la kupitisha upepo na kupima vielelezo vidogo vya mapanga ndani yake. Aligundua kwamba kwa kuzalisha umeme, mapanga machache yaliyopinda vizuri na yanayozunguka haraka ni bora kuliko mengi yanayozunguka polepole. Mitambo ya kuvuta maji kisimani ina mapanga mengi kwa sababu inahitaji nguvu ya kuanza. Mitambo ya umeme ina machache, na hiyo ndiyo sababu.

Mafundi wa vijijini

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nimchague mtu huyu. Copenhagen ilikuwa na chuo cha uhandisi tangu mwaka 1829, kikiongozwa na Hans Christian Ørsted, mwanasayansi aliyegundua uhusiano wa umeme na sumaku. Wahandisi wa mjini walikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kufunga nyaya kwenye nyumba ya mkulima, kutunza betri na kutengeneza mtambo ukiharibika usiku wa baridi.

Mwaka 1903 la Cour alishiriki kuanzisha kampuni ya kueneza umeme wa upepo vijijini. Ilitoa ushauri, ramani na hesabu kwa vijiji vilivyotaka kujenga vituo vyao. Wakulima wa Denmark walikuwa wamezoea ushirika: tangu mwaka 1882 walikuwa wakimiliki viwanda vya maziwa kwa pamoja. Kituo cha umeme cha kijiji hakikuwa kitu kigeni kwao.

Mwaka 1904 ikaanza kozi ya mafundi umeme wa vijijini pale Askov. Haikuwa ya miaka mingi. Vijana walijifunza nadharia ya umeme na namna ya kufunga na kuendesha vituo vidogo, kisha wakaenda kazini. Likaanzishwa hata jarida la umeme wa upepo, ili fundi aliye mbali asiachwe nyuma.

La Cour alifariki Aprili 1908, akiwa na umri wa miaka 62. Kama kazi yake ingekuwa mtambo mmoja tu wa Askov, ingeishia hapo. Lakini vijana walikuwa wamekwisha kutawanyika. Vita Kuu ya Kwanza ilipofanya mafuta yawe adimu, vijiji viligeukia upepo, na kufikia mwaka 1918 Denmark ilikuwa na vituo vipatavyo 120 vyenye mitambo ya upepo, mingi ya kilowati 20 hadi 35.

Tuseme ukweli: baada ya hapo upepo ulirudi nyuma. Mafuta yakashuka bei, gridi ikaenea, na mitambo mingi ikaachwa. Ila kati ya vijana waliosoma kozi ya mwaka 1904 alikuwemo mmoja wa miaka 17, Johannes Juul. Alifanya kazi ya umeme maisha yake yote, na mwaka 1957 akakamilisha mtambo wa Gedser: mapanga matatu, kilowati 200, ukiingiza umeme moja kwa moja kwenye gridi. Ulifanya kazi kwa takriban miaka 10.

Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, dunia nzima ilitafuta njia nyingine. Wadenmark hawakuanza sifuri. Mafundi, wahunzi na maseremala walichukua mfano wa Gedser na kuuendeleza. Kampuni ya Vestas, iliyotokana na karakana ya mhunzi iliyoanza mwaka 1898 katika mji mdogo wa Lem, ikaingia kwenye biashara hiyo. Leo takriban nusu ya umeme wa Denmark unatokana na upepo. Na ukifika Marsabit, kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, utakuta mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Imetengenezwa na Vestas.

Na sisi wa Singida?

Mbegu ya Askov ilifika hata kwetu. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya wananchi vya nchi za Nordiki, na mwaka 1975, kwa ushirikiano na Sweden, Tanzania ilianza kufungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Mkoa wetu unavyo: kipo cha Singida na kipo cha Msingi. Majengo tunayapita kila siku, na wengi wetu hatujui kwamba ni ndugu wa shule ile iliyowashwa taa kwa upepo.

Singida imetajwa kwa miaka mingi katika mipango ya umeme wa upepo. Wenzetu wa Mufindi wameshaanza, kwa mitambo mitatu ya Mwenga yenye megawati 2.4. Siku mitambo mikubwa itakaposimama kwenye vilima vyetu, kutahitajika walinzi na vibarua wa kuchimba mashimo. Kutahitajika pia mafundi wa kupanda minara ile, kusoma vipimo na kubadilisha vifaa. Kazi za aina ya kwanza zitatufikia bila sisi kujiandaa. Za aina ya pili zitakwenda kwa vijana wa kutoka mbali, kama wa kwetu hawatakuwa wameanza kusoma mapema.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu ni hili. Upepo wenyewe hauwashi taa. Denmark ilikuwa nao karne zote, na taa zikawaka pale mwalimu mmoja alipoupima, na akawafundisha vijana wa wakulima kuupima pia. Kama una kijana nyumbani aliyemaliza shule na anapenda kufungua redio mbovu ili aone ndani kuna nini, mpeleke akaulize chuo cha wananchi kilicho karibu, au VETA, kozi ya umeme inaanza lini na ada ni kiasi gani. Juul alikuwa na miaka 17 alipokwenda kuuliza.