Mfahamu John Browning, fundi wa bastola iliyofyatua risasi 6,000 bila kukwama

Bastola ikikwama mbele ya adui, mwenye nayo kaisha. Tatizo hilo lilimhangaisha sana John Moses Browning, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1855 mjini Ogden, Utah, na kukulia kwenye karakana ya baba yake, fundi bunduki.

Bastola inayojipakia yenyewe ni rahisi kuieleza, kuitengeneza ndiyo kazi. Springi ya magazini inasukuma risasi juu, kisha sehemu ya juu ya bastola inarudi mbele na kuiingiza kwenye mtutu. Springi ikichoka, midomo ya magazini ikipinda au uchafu ukijaa, risasi inagoma njiani.

Jeshi la Marekani lilimpa mtihani mgumu. Bastola yake moja ilifyatua risasi 6,000 kwa siku mbili. Ikipata moto inatumbukizwa kwenye maji, kazi inaendelea. Haikukwama hata mara moja! Ya mpinzani wake, Savage, ilisumbua mara 37. Machi 1911 jeshi likaichagua, ikaitwa M1911 na kutumika zaidi ya miaka 70.

Lakini silaha haichagui mtu. Bastola iliyomuua Franz Ferdinand mjini Sarajevo mwaka 1914 nayo ilikuwa ya muundo wa Browning, na siku hiyo haikugoma.

Browning alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo Novemba 26, 1926, akiwa kiwandani Ubelgiji, bastola nyingine ikiwa haijakamilika. Aliyeimalizia ni Dieudonné Saive, ikatoka mwaka 1935.