Maisha ya Sir Syed Ahmad Khan, Mwanzilishi wa Chuo cha Aligarh

Katika Uganda, kabla ya nchi kupata uhuru wake mwaka 1962, sehemu kubwa ya shule ilikuwa mikononi mwa misheni za Kikristo, na mzazi wa Kiislamu alijikuta baina ya mambo mawili mazito. Akimpeleka mtoto wake shule, alihofia asije akarudi na jina jingine na dini nyingine. Akimzuia nyumbani, mtoto alikua bila ya elimu ya kumwezesha kushika kazi na kusema mbele ya watu. Mashaka haya hayakuwapata Waislamu wa Uganda peke yao. Waislamu wa Bara Hindi waliyaonja mapema zaidi, katika karne ya 19, na miongoni mwao alitokea mtu aliyetumia umri wake kuyatafutia dawa. Mtu huyo ni Sir Syed Ahmad Khan wa Aligarh. Maisha yake yana ya kufuatwa na yana ya kuepukwa, na yote mawili yafaa kujulikana na kila aliyekabidhiwa shule.

Syed Ahmad alizaliwa katika mji wa Delhi tarehe 17 Oktoba 1817. Ukoo wake ulikuwa wa watu wenye heshima katika baraza la wafalme wa Mughal, lakini ufalme huo wakati ule ulikuwa umebaki jina tu, na amri yote ilikuwa ya Waingereza. Malezi yake yalikuwa mikononi mwa mama yake, Azizunnisa, mwanamke mcha Mungu na mwenye busara. Husimuliwa kwamba Syed Ahmad alipokuwa na umri wa miaka kumi na moja au kumi na miwili alimpiga kofi mtumishi mzee wa nyumbani. Mama yake alipopata habari akaamuru mtoto atolewe nje ya nyumba. Akajificha kwa mama yake mdogo siku tatu, na hakuruhusiwa kurudi mpaka alipokwenda kumwangukia yule mtumishi na kumwomba radhi. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza la uongozi, nalo hakulisahau mpaka uzeeni.

Baba yake alifariki mwaka 1838, na kijana akalazimika kutafuta riziki. Akaingia katika kazi ya mahakama chini ya Waingereza, akapanda daraja mpaka akawa hakimu. Katika muda wake wa faragha aliendelea kusoma, na mwaka 1847 alitoa kitabu kikubwa juu ya majengo ya kale ya Delhi. Kama mambo yangekwenda hivyo hivyo, pengine angekufa akiwa hakimu mwema na mwandishi wa historia, basi.

Lakini mwaka 1857 yalizuka maasi makubwa dhidi ya utawala wa Waingereza. Syed Ahmad alikuwa hakimu katika mji wa Bijnor, na kwa ujasiri wake aliwaokoa Waingereza waliokuwapo pale pamoja na wake zao na watoto wao. Hata hivyo wema huo haukuilinda nyumba yake. Delhi ilipochukuliwa tena na majeshi ya Waingereza, jamaa zake wa karibu waliuawa, na mama yake alikutwa amejificha katika kibanda cha mchunga farasi, hana chakula wala maji. Syed Ahmad alimchukua mpaka Meerut, na huko hakukaa muda mrefu akafariki dunia.

Baada ya maasi kuzimwa, Serikali ilitaka kumtuza Syed Ahmad kwa kumpa milki kubwa ya ardhi iliyonyang'anywa mkubwa mmoja wa Kiislamu. Akaikataa, kwa kuwa aliona ni aibu kutajirika kwa maangamizi ya ndugu zake. Ilimjia fikra ya kuihama nchi na kwenda kuishi Misri. Kisha akatafakari, akaona kwamba si uungwana kuwakimbia watu wake katika siku yao ya msiba, akabaki. Kuanzia hapo alijiuliza ni kitu gani kilichowaangusha Waislamu, na jawabu alilolipata ni kwamba elimu ya zama mpya ilikuwa imewapita. Wahindu wengi walikuwa wamekwisha jifunza Kiingereza na sayansi na kushika kazi za Serikali. Waislamu walijitenga, kwa fahari ya ufalme uliokwisha potea na kwa hofu ya kupoteza dini.

Alianza kwa hatua ndogo. Mwaka 1859 alifungua shule katika mji wa Moradabad, na baadaye nyingine huko Ghazipur. Mwaka 1864 akaunda Jumuiya ya Sayansi, ambayo kazi yake ilikuwa kufasiri vitabu vya elimu kutoka Kiingereza hadi Kiurdu. Katika shule ya Ghazipur na katika Jumuiya hiyo Waislamu na Wahindu walishirikiana, na mmoja wa wasaidizi wake wakubwa alikuwa Raja Jai Kishan Das, ambaye ni Mhindu. Alipohamishiwa Aligarh, Jumuiya ikahamia huko pamoja naye.

Mwaka 1869 alisafiri kwenda Uingereza akifuatana na wanawe, Syed Hamid na Syed Mahmud. Huyu wa pili alikuwa amepata msaada wa masomo na alikwenda kusoma Cambridge. Safari ilimgharimu sana, hata ikambidi kuuza vitabu vyake na kuweka nyumba yake rehani. Huko aliandika kitabu cha kumtetea Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, dhidi ya yale yaliyoandikwa na William Muir. Pia alikwenda kutazama vyuo vya Cambridge, akaona jinsi wanafunzi wanavyoishi pamoja na walimu wao, wakila pamoja, wakicheza pamoja na kusali pamoja. Akafahamu kwamba chuo hakifundishi kwa vitabu tu, bali maisha ya pamoja nayo ni mwalimu. Alirudi mwaka 1870 na nia moja, kuwajengea Waislamu wa Bara Hindi chuo cha namna hiyo.

Hapo ndipo mtihani wake ulipoanza. Syed Ahmad alikuwa na rai zake katika dini, na alizieneza katika gazeti lake la Tahzib al-Akhlaq na baadaye katika tafsiri yake ya Qur'ani. Aliyafasiri mambo ya malaika, majini na miujiza kwa njia ambayo maulamaa wengi hawakuikubali, na ambayo hata marafiki zake kadhaa waliipinga. Fatwa zilitolewa dhidi yake, na mtu mmoja alisafiri mpaka Makka kutafuta fatwa nyingine za kumkufurisha. Watu wakasema kwamba shule yake itakuwa mlango wa kuwatoa watoto katika Uislamu. Hofu hii haikuwa ya upuuzi, maana mzazi ana haki ya kujua mtoto wake atafundishwa dini ya nani.

Syed Ahmad alikuwa na njia mbili mbele yake. Angeweza kusema kwamba chuo ni chake, fikra ni zake na fedha amezitafuta yeye, kwa hiyo rai zake ndizo zitakazofundishwa. Au angeweza kuziweka rai zake nje ya mlango wa chuo. Alichagua njia ya pili. Mafunzo ya dini aliyakabidhi kwa kamati za watu wengine, wenye kufuata itikadi iliyozoeleka, naye mwenyewe hakuingia humo. Masunni wakawa na kamati yao na Mashia kamati yao, ili mtoto wa kila kundi afundishwe kama wazee wake walivyoamini. Wako wanavyuoni walioalikwa kusaidia wakakataa, kwa sababu hawakutaka kukaa katika kazi moja na wasiokuwa wa madhehebu yao. Yeye hakulivunja kundi lolote ili kulifurahisha jingine. Ni wachache wenye kuanzisha jambo kubwa kisha wakajizuia wenyewe wasilitawale lote.

Fedha zilikuwa taabu nyingine. Syed Ahmad aligonga milango ya matajiri na ya maskini. Mzee mwenye ndevu nyeupe, hakimu mwenye heshima, alisimama katika kibanda cha maonyesho akiuza vitabu, na siku nyingine alipanda jukwaani mbele ya watu akisoma mashairi ili wapate kutoa. Wenye kumcheka walicheka, naye alihesabu rupia. Aliwahi hata kuchezesha bahati nasibu kwa ajili ya chuo, na hilo ni miongoni mwa yasiyofaa kuigwa, kwani njema haitafutwi kwa njia iliyoharimishwa. Wahindu pia walichangia, na Maharaja wa Patiala alikuwa miongoni mwa waliotoa kwa wingi.

Shule ilifunguliwa Aligarh tarehe 24 Mei 1875. Mwaka uliofuata Syed Ahmad aliacha kazi ya Serikali, akahamia hapo moja kwa moja. Tarehe 8 Januari 1877 Lord Lytton, mtawala mkuu wa Waingereza katika Bara Hindi, aliweka jiwe la msingi la chuo, kilichoitwa Muhammadan Anglo-Oriental College. Wanafunzi walivaa koti jeusi na tarbushi ya Kituruki, mtoto wa nawabu na mtoto wa karani wakifanana kwa sura. Walilala katika mabweni, walicheza kriketi, na tangu mwaka 1884 walikuwa na chama chao cha majadiliano ambamo walijizoeza kusema na kusikiliza. Walimu nao walikuwa wa namna nyingi. Shibli Nomani, mwanachuoni mkubwa, alifundisha hapo pamoja na Waingereza kama Theodore Beck na T. W. Arnold. Arnold alikuwa Mkristo, na akiwa Aligarh aliandika kitabu mashuhuri, kilichotoka mwaka 1896, kinachoeleza jinsi Uislamu ulivyoenea kwa mahubiri.

Chuo kilikuwa cha Waislamu kwa jina na kwa makusudio, lakini mlango wake haukufungwa kwa wengine. Wahindu walisoma humo tangu mwanzo, hawakulazimishwa kujifunza dini ya Kiislamu, na lugha ya Sanskrit ilifundishwa kwa wenye kuihitaji. Mtu wa kwanza kupata shahada kutoka chuo hicho, mwaka 1881, alikuwa Mhindu, jina lake Ishwari Prasad. Husimuliwa pia kwamba siku moja, Idi ya kuchinja ilipokaribia, wanafunzi fulani walinunua ng'ombe. Syed Ahmad alipopata habari alikwenda mbio, akamchukua yule mnyama, akamrudisha kwa mwenyewe. Ng'ombe ni halali kwa Mwislamu, na hilo yeye alilijua vyema. Lakini mbuzi na kondoo walikuwapo, na jirani Mhindu alikuwapo, na moyo wa jirani nao una haki yake.

Pamoja na hayo yote, alikuwa mwanadamu. Alitazama zaidi watoto wa watu wakubwa kuliko watoto wa wanyonge. Aliona kwamba wakati wa kuwafungulia wasichana shule haujafika, na wakati huo haukufika katika uhai wake. Shule ya wasichana ilianzishwa Aligarh mwaka 1906 na Sheikh Abdullah pamoja na mkewe. Mwaka 1887 alisimama hadharani kuwataka Waislamu wajitenge na chama cha Congress, naye ambaye shule yake iliwakusanya Waislamu na Wahindu, katika siasa akaonekana kuwatenga. Mwaka 1889, akiwa amekwisha pewa na Serikali daraja la Sir na umri umekwenda, alishikilia kwamba mwanawe Syed Mahmud awekwe kuwa mrithi wake katika ukatibu wa chuo. Marafiki wa zamani wakakasirika, na Maulvi Samiullah Khan, aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, akajitenga. Mtu aliyeweza kuziacha rai zake mlangoni hakuweza kumwacha mwanawe mlangoni. Mitihani ya viongozi ndivyo ilivyo, haiji mara zote kwa mlango mmoja.

Mwaka 1895 iligunduliwa kwamba karani mkuu wa chuo alikuwa ameiba zaidi ya rupia 100,000. Mzee alikuwa amemwamini mno, na hapakuwa na mtu wa kukagua hesabu. Pigo hilo lilimdhoofisha. Siku zake za mwisho zilikuwa za huzuni, hata akafa katika nyumba ya rafiki, si katika nyumba yake, tarehe 27 Machi 1898. Mtu aliyekusanya fedha nyingi kwa ajili ya watoto wa wengine hakuacha hata gharama ya mazishi yake, na marafiki ndio waliotoa. Alizikwa kando ya msikiti wa chuo.

Mwaka 1920 chuo kilifanywa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh, na mkuu wake wa kwanza wa heshima alikuwa mwanamke, Sultan Jahan Begum, mtawala wa Bhopal. Humo walisoma Liaquat Ali Khan, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Pakistan, na Zakir Husain, aliyekuwa rais wa India mwaka 1967 mpaka alipofariki mwaka 1969. Nchi iligawanyika mwaka 1947, na chuo kikabaki.

Hapa Uganda, marehemu Prince Badru Kakungulu, aliyefariki mwaka 1991, alipoitoa ardhi yake ya Kibuli ijengwe msikiti na shule, aliifuata njia ile ile, ya kwamba mtoto wa Kiislamu asome elimu ya ulimwengu bila ya kuuza jina lake. Ardhi na majengo ni mwanzo wa kazi. Shule inayosimama baada ya mwanzilishi wake ni ile ambayo kila mzazi ana amani nayo, hesabu zake hukaguliwa, na uongozi wake haurithiwi kama shamba. Mwenyezi Mungu amsamehe Syed Ahmad aliyokosea, amlipe kheri kwa aliyoyatengeneza, na awape hekima wote walioshika shule zetu. Amin.