Vasyl Barsky: Mhujaji wa Kyiv aliyetembea miaka 24 akiwa na kalamu na wino

Mwaka 1723, kijana wa miaka 22 aliondoka kwao Kyiv akiwa na kidonda cha mguu kisichopona. Alikusudia kwenda Lviv, mji uliokuwa chini ya ufalme wa Poland, kutafuta tiba na elimu. Alirejea nyumbani mwaka 1747, akiwa amepita katika nchi za Ulaya, Misri, Nchi Takatifu, Syria na visiwa vya Ugiriki, sehemu kubwa ya njia hiyo akiikata kwa miguu. Wiki chache baadaye alifariki dunia.

Kijana huyo ni Vasyl Hryhorovych-Barsky, mmoja wa wasafiri mashuhuri zaidi katika historia ya Ukraine. Mbali na kumbukumbu ndefu alizoziandika, aliacha michoro ipatayo 150 ya makanisa, monasteri na miji. Baadhi ya majengo hayo hayapo tena duniani, na mengine yamebadilika kiasi kwamba sura yake ya zamani inaonekana katika karatasi zake tu.

Mtoto wa mfanyabiashara

Barsky alizaliwa mwaka 1701 katika familia ya mfanyabiashara. Jina lake linatokana na Bar, mji wa Podolia ambako ndiko ilikokuwa asili ya baba yake. Alisoma katika Chuo cha Kyiv-Mohyla, kilichokuwa kitovu cha elimu ya Wakristo wa Orthodox katika eneo hilo, ingawa baba yake hakupendezwa na mwanawe kushika vitabu badala ya biashara. Kijana aliondoka wakati baba yake hayupo nyumbani.

Mjini Lviv, yeye na mwenzake walijiandikisha katika shule ya Wajesuiti wakijifanya ndugu wawili kutoka Bar. Shule hiyo ilikuwa ya Wakatoliki, na enzi hizo tofauti za madhehebu hazikuwa jambo la mzaha. Ilipogundulika kwamba wametoka Kyiv, walifukuzwa.

Wengine wangerudi nyumbani. Barsky alivaa mavazi ya mahujaji, akashika fimbo na kuelekea Roma mwaka 1724. Alipita Hungary na Vienna, akaingia Italia, akazuru kaburi la Mtakatifu Nikolasi mjini Bari, kisha Naples, Roma na Venice. Wenzake walioanza naye safari waliachana naye njiani. Hakuwa na fedha. Aliishi kwa sadaka, akilala katika nyumba za wageni zilizotengwa kwa ajili ya maskini na mahujaji. Kwa msafiri wa aina yake, barua ya utambulisho kutoka kwa askofu ilikuwa na thamani kuliko mkate, kwa kuwa bila hiyo walinzi wa malango ya miji waliweza kumzuia asiingie.

Kutoka Mlima Athos hadi Misri

Kutoka Venice alivuka bahari, akapitia Corfu na Chios, na mwaka 1725 akafika kwa mara ya kwanza Mlima Athos, rasi ya Ugiriki inayokaliwa na watawa. Mwaka uliofuata alikuwa Yerusalemu. Mwaka 1727 aliingia Misri, akakaa Cairo kwa miezi kadhaa, na mwaka 1728 akafika katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, chini ya Mlima Sinai. Wakati huo lango la monasteri hiyo lilizibwa kwa sababu za usalama, na wageni walivutwa juu ya ukuta kwa kamba.

Sehemu kubwa ya nchi hizo ilikuwa chini ya dola ya Waothmani. Barsky alisafiri kama mtu fukara, na ufukara huo ulikuwa ngao na hatari kwa wakati mmoja: mtu asiyebeba mali hamvutii sana mnyang'anyi, lakini pia hana wa kumtetea.

Mjini Alexandria alichora mojawapo ya kazi zake zinazotajwa sana, nguzo ndefu ya mawe ya Misri ya kale iliyojulikana kama Sindano ya Cleopatra. Alinakili pia maandishi ya picha yaliyochongwa juu yake, ishara kwa ishara, ilhali hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kuyasoma. Karibu karne nzima ilipita kabla ya Mfaransa Champollion kuvumbua ufunguo wa maandishi hayo, mwaka 1822. Mwishoni mwa karne ya 19, nguzo mbili zilizokuwa mahali hapo zilisafirishwa, moja hadi London na nyingine New York. Alexandria haina tena nguzo hizo.

Mwanafunzi wa Kigiriki

Barsky alitambua kwamba asingeweza kuyaelewa aliyokuwa akiyaona bila kujua lugha ya wenyeji wake. Alijiunga na shule ya Kigiriki mjini Tripoli, katika Lebanon ya leo, akiwa mtu mzima miongoni mwa wanafunzi wadogo. Mwaka 1734, mjini Damascus, Patriaki Sylvester wa Antiokia alimpokea kuwa mtawa.

Baadaye alikwenda Cyprus, ambako alizunguka monasteri moja baada ya nyingine akizieleza na kuzichora. Miongoni mwake ilikuwa Kykkos, iliyo maarufu kuliko zote kisiwani humo. Mwaka 1751 Kykkos iliteketea kwa moto na kujengwa upya. Mchoro wa Barsky unaonyesha jinsi ilivyokuwa kabla ya moto huo.

Kutoka Cyprus alihamia kisiwa cha Patmos, akakaa miaka kadhaa akisoma Kigiriki na kufundisha Kilatini. Mwaka 1743 aliitwa Konstantinopoli na mwakilishi wa Urusi katika mji huo, na mwaka 1744 akarudi Mlima Athos.

Ziara hiyo ya pili ilikuwa tofauti kabisa na ya kwanza. Hakuwa tena hujaji kijana anayeomba mahali pa kulala, bali msomi anayejua lugha, aliyebeba barua zenye uzito. Alifunguliwa maktaba na hazina za monasteri. Alihesabu makanisa, akanakili maandishi ya ukutani, akasoma hati za kale, na kuchora kila monasteri kana kwamba anaitazama kutoka juu, ili kuta, minara, mabweni na bustani vionekane kwa pamoja. Wanahistoria wa usanifu wa majengo wanaitumia michoro hiyo hadi leo wanapotaka kujua jengo fulani lilikuwa na sura gani katika karne ya 18.

Kurudi nyumbani

Baada ya kuzuru pia Epirus na Krete, Barsky alianza safari ya kurudi. Alipitia Bulgaria, Romania na Poland, akaingia Kyiv mwezi Septemba mwaka 1747 akiwa mgonjwa. Alifariki Oktoba 7 kwa kalenda ya zamani, akiwa na umri wa miaka 46. Hakupata nafasi ya kupanga kumbukumbu zake wala kuziona zikichapishwa.

Maandishi hayo yalibaki mikononi mwa familia, na kwa miaka 30 yalisambaa kwa njia ya nakala za mkono. Mwaka 1778 Vasily Ruban aliyachapisha St. Petersburg, baada ya kuirekebisha lugha yake, na kitabu kikachapwa tena mara kadhaa. Toleo kamili zaidi, lenye michoro yake, lilitolewa na Nikolai Barsukov kati ya mwaka 1885 na 1887.

Mdogo wake, Ivan Hryhorovych-Barsky, alikuwa msanifu majengo mashuhuri wa Kyiv. Ndiye aliyejenga chemchemi ya Samson katika mtaa wa Podil. Hivyo ndugu mmoja alijenga mji wake, na mwingine akahifadhi miji ya wengine kwenye karatasi.

Vasyl alizikwa katika Monasteri ya Udugu mjini Kyiv, kando ya Kanisa la Epifania. Katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Kisovieti, kanisa hilo lilibomolewa, kama ilivyobomolewa chemchemi ya ndugu yake. Chemchemi ilijengwa upya mwaka 1982. Kanisa bado halijarudi.